Mtu Mmoja Chumbani na Vyombo Miguuni Pake

Leo twataka kutazama picha pamoja. Si picha ya mtakatifu, wala si moja ya zile za Njia ya Msalaba tuzionazo kanisani wakati wa Kwaresima. Ni kazi ya mchoraji Mkongo wa siku hizi, jina lake Eddy Kamuanga Ilunga, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1991. Mwaka 2018 alionyesha huko London, katika nyumba ya sanaa iitwayo October Gallery, mfululizo wa picha kubwa ambao jina lake, kwa lugha yetu, ni kama kusema: wajibu ulio mwepesi kuvunjika.

Katika picha zake za namna hii, mara nyingi twamwona mtu mmoja tu. Nyuma yake hakuna mlima wala soko wala umati wa watu. Pako kama ukuta mtupu wa chumba. Amejifunika nguo pana yenye marembo mengi, iliyokunjwa mikunjo mizito. Kichwa kimeinama, au macho yametazama chini. Karibu naye vimewekwa vyombo vya kauri, yaani vile vya udongo mweupe unaong'aa. Na ngozi yake ni ya ajabu: imejaa mistari myembamba na vituo vidogo vidogo, sawa na kile kibao tukionacho fundi anapofungua simu iliyoharibika.

Mtu akionyeshwa picha hii mara ya kwanza, aweza kusema: Ni mambo ya wageni, hayatuhusu. Mwingine atasema: Mtu huyu ni mgonjwa. Mwingine atanong'ona kwamba ni uchawi. Mimi nasema kwamba picha hii ni ukurasa wa historia yetu, na sisi watu wa Minova tuna sababu ya kuusoma kuliko watu wa London walioutundika ukutani. Yafundisha jambo moja, nalo ni zito: zaidi ya mara moja katika nchi hii mtu ametolewa ili kipatikane kitu cha kuvunjika, na waliomtoa hawakuwa wageni peke yao.

Mchoraji na shule yake

Kwanza tumjue mchoraji. Mwaka 1943 Bruda mmoja Mbelgiji, Marc-Stanislas, wa Shirika la Mabruda wa Shule za Kikristu, alianzisha shule ya sanaa huko Gombe-Matadi, katika Kongo ya Chini. Akaiweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Luka, maana tangu zamani Wakristu humheshimu Luka kama msimamizi wa wachoraji. Mwaka 1949 shule hiyo ilihamia Léopoldville, mji tunaouita Kinshasa leo, na mwaka 1957 ikapewa jina la Akademi ya Sanaa. Hivyo mbegu iliyopandwa na mtawa mmoja imezaa wachoraji na wachongaji wengi wa nchi yetu.

Kamuanga Ilunga alijifunza katika Akademi hiyo, lakini hakukaa mpaka mwisho. Alitoka, akaanzisha karakana na vijana wenzake, wakaiita M'Pongo. Akaanza kuwachora Wamangbetu, watu wa kaskazini-mashariki ya Kongo, ambao sifa yao ilienea duniani kwa ajili ya vichwa vyao virefu vilivyofungwa tangu utotoni, na kwa ajili ya uzuri wa kazi zao za mikono.

Hapa yafaa tukumbuke kitu. Wamangbetu walikuwa wamekwisha kuchorwa na kupigwa picha mara nyingi. Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme wao Mbunza mwaka 1870, akawachora katika kitabu chake. Mwaka 1924 na 1925 msafara wa magari ya Citroën ulikatiza Afrika, na mchoraji Mrusi Alexandre Iacovleff alikuwamo, naye akawachora. Wageni hao walikuwa mafundi hodari, siwadharau. Lakini waliwachora watu wetu kama mtu anayechora ndege wa ajabu: tazameni kichwa, tazameni nywele, tazameni pambo. Mtu aliyechorwa alikuwa peke yake pale pia, ila upweke wake ulikuwa wa kitu kilichotolewa mahali pake ili kionyeshwe.

Kamuanga Ilunga amechukua sura hiyohiyo ya mtu mmoja akaigeuza. Amemzungushia vitu vyenye habari ndani yake. Kila kitu katika picha ni shahidi, na mashahidi wakuu ni watatu: vyombo, nguo na ngozi. Basi tuwaite mmoja mmoja waseme.

Shahidi wa kwanza: vyombo

Kwa nini mchoraji wa Kinshasa aweke magudulia na vyombo vya kauri ya Ulaya miguuni pa Mkongo? Kwa kuwa vyombo vya namna hii vilikuwa bei.

Mwaka 1491 mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa na mapadri waliotoka Ureno. Mwanawe Mvemba a Nzinga, aliyeitwa Afonso kwa ubatizo, alitawala muda mrefu, hata mwanzoni mwa miaka ya 1540. Alikuwa Mkristu wa kweli. Aliwapeleka vijana Ureno wakasome, na mwanawe Henrique aliteuliwa kuwa askofu mwaka 1518. Mji wao mkuu, Mbanza Kongo, ambao leo uko Angola, uliandikwa mwaka 2017 na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini pamoja na msalaba ulikuja mzani wa mfanyabiashara. Meli zilileta vitambaa, shanga, pombe, bunduki na vyombo vya mezani. Zilirudi na watu. Mwaka 1526 Afonso alimwandikia ndugu yake katika imani, mfalme João wa Tatu wa Ureno, barua za uchungu. Alilalamika kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiwakamata watu wake, hata wana wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe, na kwamba tamaa ya bidhaa za Ureno ilikuwa imewaharibu raia wake wakawa wanakamatana wao kwa wao.

Wasomaji, tulitie moyoni neno hili la mwisho. Mfalme hakusema tu: wageni wanatuibia. Alisema kwamba tamaa imeingia nyumbani mwetu. Naye mwenyewe hakuwa nje ya jambo hilo. Hakufunga biashara kabisa. Mwaka uleule aliweka wakubwa watatu wachunguze kila mtu anayenunuliwa, kama ni mateka wa vita au ni mtu huru aliyeibwa. Yaani alitaka kuweka mpaka katika jambo lisilo na mpaka mwema. Aliona shimo, akajenga ukingo kuzunguka shimo, nalo likazidi kupanuka. Biashara ile iliendelea zaidi ya miaka 300 baada ya barua zake, na watu wasiohesabika wa pwani ya Kongo na Angola wakavushwa bahari.

Vyombo navyo vilibaki. Huko Kongo ya Chini watu waliviweka juu ya makaburi ya wakubwa wao: sahani, birika, na hata yale magudulia ya Kiingereza yenye umbo la mzee mnene aliyeketi na kofia kichwani. Mara nyingi vilivunjwa au kutobolewa kabla ya kuwekwa. Kamuanga Ilunga alijifunza habari za watu wa Kongo, akavileta vyombo hivyo katika picha zake. Sasa twaelewa kwa nini vimewekwa kwa uangalifu namna ile. Sahani ile si pambo. Ni stakabadhi ya deni.

Shahidi wa pili: nguo

Mtu wetu amevaa nguo nzuri, yenye rangi na marembo. Mama zetu wakiiona watasema: hiki ni kikwembe. Ni kweli. Basi nacho kina historia yake.

Vitambaa vya namna hii, tunavyoviita vya Kiafrika, mwanzo wake haukuwa Afrika. Watu wa Java, huko Asia, ndio waliojua tangu kale kuchora kitambaa kwa nta na rangi. Waholanzi waliotawala Java waliiga ufundi huo kwa mashine. Kiwanda cha Vlisco, katika mji wa Helmond, Uholanzi, kilianza mwaka 1846. Vitambaa vya Kiholanzi vikapata wanunuzi wengi Afrika, navyo vikawa vazi la heshima la mama zetu, nguo ya arusi, ya ubatizo na ya matanga.

Sisemi kwamba kwa hiyo kikwembe si chetu. Kitu alichokivaa nyanya yako na mama yako, na ambacho wewe ulibebwa nacho mgongoni, ni chako. Lakini nguo imeshuhudia mengi, hasa huku kwetu mashariki. Zile vyombo vya kauri ni habari za pwani ya magharibi. Za kwetu ni habari za vitambaa.

Wazee wetu wa Kongo ya mashariki walijua misafara iliyotoka Zanzibar kupitia Tabora na Ujiji. Ilileta kaniki, shanga na kitambaa cheupe kilichoitwa merikani, kwa kuwa kilitoka Marekani. Ilirudi na pembe za ndovu na watu. Hamed bin Muhammad, ambaye sote twamwita Tippu Tip, alikaa Kasongo akatawala nchi ya Maniema kwa bunduki na kwa mapatano na wakubwa wa nchi. Hapa pia tukumbuke lile la Afonso: msafara haukuweza kupita pasipo mwenyeji wa kuuongoza, wa kuulisha, na wa kuuambia kijiji kipi kimelala bila walinzi.

Na nguo hiyohiyo ilitumika pia kwa kukomboa. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879. Walipowaona watoto wakiuzwa, waliwanunua ili wawaweke huru, wakawalea katika vijiji vya Kikristu kando ya ziwa Tanganyika. Sisi makatekista tunaye mmoja wetu asiyesahaulika, Adrian Atiman. Alizaliwa mbali sana, katika nchi za mto Niger, akakamatwa akiwa mtoto na kuuzwa, mpaka Mapadri Weupe walipomkomboa. Wakampeleka Malta, akasoma udaktari. Alifika Karema mwaka 1889, akafanya kazi ya kuganga na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67. Hebu fikirini: yuko mtu sokoni aliyemtazama mtoto yule akasema bei yake. Bei hiyo nani anaikumbuka leo? Lakini wagonjwa wa Karema walimkumbuka Atiman.

Basi nguo katika picha yasema mambo mawili kwa mara moja. Yasema heshima, na yasema bei. Ndiyo maana mchoraji ameifanya nzito hivyo, hata yaonekana kama mtu amebeba mzigo zaidi ya kuvaa vazi.

Shahidi wa tatu: ngozi

Sasa twafika mahali ambapo picha hii yaingia Minova bila kubisha hodi.

Mistari ile juu ya ngozi ni mistari ya umeme, kama ya ndani ya simu na kompyuta. Mchoraji ameeleza kwamba kwayo ataka kutukumbusha koltani. Koltani ni mawe meusi mazito. Ndani yake mna madini yaitwayo tantali. Madini hayo hayaharibiwi upesi na moto wala kutu, na yanafaa sana kwa kutengeneza vile vidude vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu. Pasipo kidude kama hicho, ingekuwa shida kuifanya simu iwe ndogo kiasi cha kuingia mfukoni.

Nani asiyeyajua mawe hayo hapa? Juu yetu, katika milima ya Kalehe, iko Numbi. Kwa miaka mingi magunia yameshuka kutoka huko yakipita Kalungu mpaka kwetu kando ya ziwa Kivu. Upande wa Masisi iko Rubaya, machimbo makubwa yanayojulikana duniani kote. Mwaka 2000 bei ya tantali ilipanda ghafula katika masoko ya dunia, na vijana wengi wakaacha shule na mashamba wakaenda kuchimba. Wakati huo nchi ilikuwa vitani. Mwezi wa Aprili 2001 wataalamu waliotumwa na Umoja wa Mataifa waliandika wazi kwamba majeshi na wakubwa wa vita walikuwa wakijitajirisha kwa madini ya mashariki. Mwezi wa Septemba 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema mpaka Machi 2011. Watu wenye bunduki hawakukosa njia, bali familia nyingi zilizoishi kwa koleo zilikosa chakula. Mwaka 2024 Rubaya iliingia mikononi mwa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakakadiria kwamba kodi ya koltani pekee iliwaletea watawala hao wapya dola zipatazo 800,000 kila mwezi. Tarehe 21 Januari 2025 vita hivyo vilifika hapa Minova, kabla ya kufika Goma na Bukavu.

Twajua basi kwa nini mchoraji hakuweka jiwe la koltani mkononi mwa mtu huyu, wala gunia mgongoni mwake. Ameliweka katika ngozi. Kitu cha mkononi chaweza kutupwa. Gunia laweza kutuliwa. Ngozi huwezi kuivua. Ataka kusema: mmechukua madini kana kwamba ni kitu kilicho mbali na watu, lakini mkiyafuata mawe haya mtafika kwenye mwili wa mtu. Na wengi wetu tutaiona picha hii katika simu. Tutamtazama mtu huyu kwa kutumia kitu kilekile anacholilia.

Je, picha yamlaumu nani?

Hapa msomaji mwenye busara ataniuliza: Ndugu katekista, mbona watuongezea mzigo? Wenye makosa ni wale wenye meli, wale wenye bunduki na wale wenye viwanda. Mtu wa Numbi anayechimba ili watoto wake wale, je, naye ni muuza watu?

Swali hili ni la haki, na sipendi kulipita. Kuchimba si dhambi. Kazi ya mikono ni heshima, na mchimbaji anastahili ujira wake kama mkulima na mvuvi. Wajibu wa kila mtu hupimwa kwa nguvu alizo nazo: aliye na bunduki anao mkubwa kuliko aliye na koleo, na mwenye kiwanda mkubwa kuliko mwenye gunia. Asiyekuwa na la kuchagua hahukumiwi sawa na aliyechagua.

Hata hivyo jina la picha zile ni wajibu, na wajibu haumtazami mgeni peke yake. Iko mizani iliyochezewa, na mwenye mizani ni jirani. Yuko mtoto wa miaka kumi anayetumwa kuingia shimoni kwa kuwa mwili wake ni mdogo, na aliyemtuma anamjua kwa jina. Yuko anayewaonyesha watu wa vita njia, kama zamani yule aliyeuonyesha msafara kijiji kisichokuwa na walinzi. Watu hao hawakuletwa na meli.

Baba Askofu Mkuu wetu Emmanuel Kataliko aliyasema haya kabla ya mchoraji huyu kushika brashi. Katika barua yake ya Noeli ya mwaka 1999 kwa Wakristu wa Bukavu alisema kwamba mataifa ya kigeni yalikuwa yakiendesha vita kwa mali ya nchi yetu, na kwamba walisaidiwa na baadhi ya ndugu zetu Wakongo. Maneno hayo ya mwisho yalimgharimu. Mwezi wa Februari 2000 watawala wa wakati ule walimzuia asikae Bukavu, wakampeleka Butembo. Alirudi mwezi wa Septemba, na tarehe 4 Oktoba 2000 alifariki huko Roma. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, aliwaambia walimwengu waondoe mikono yao juu ya Kongo na juu ya Afrika, kwa maana Afrika si mgodi wa kukombwa. Kesho yake aliwasikiliza watu wa mashariki waliojeruhiwa na vita. Wachungaji hawa wawili wamesema pande mbili za neno moja. Mmoja amemwambia mgeni: acha. Mwingine ametuambia sisi: nasi tuache.

Kwa nini peke yake, kwa nini ndani?

Limebaki fumbo la mwisho. Historia hii ni ya maelfu ya watu. Kwa nini basi mchoraji hakuchora meli iliyojaa, au shimo lililojaa wachimbaji? Kwa nini mtu mmoja, ndani ya chumba?

Sisemi kwamba Kamuanga Ilunga alikusudia kuchora mafundisho ya dini. Yeye asimulia historia ya watu wake. Lakini Mkristu aliyezoea Injili hawezi kumtazama mtu huyu bila kukumbuka mambo fulani. Katika umati ni rahisi kujificha. Sokoni kila mtu husema: Kila mtu anafanya hivyo. Gunia likipita mikononi mwa watu kumi, kila mmoja husema kwamba kosa ni la yule mwingine. Ndani ya chumba hakuna wa kusukumiwa. Ndiyo maana Bwana wetu alitufundisha tuingie chumbani na kufunga mlango tunaposali. Mwana mpotevu alianza njia ya kurudi pale alipokaa peke yake na nguruwe akajirudia moyoni. Petro hakulia mbele ya wale waliokota moto. Alitoka nje, akalia peke yake. Chumba cha picha hii ni chumba cha dhamiri.

Tena upweke huo una maana nyingine iliyo njema. Anayechorwa katika umati ni idadi: elfu hizi walivushwa, tani hizi zilichimbwa. Anayechorwa peke yake ni mtu. Ana mabega, ana huzuni yake, ana namna yake ya kuinamisha kichwa. Biashara zile tatu zilikuwa na ufundi mmoja: kumfanya mtu aonekane kama sehemu ya shehena. Mchoraji amejibu kwa kumtoa mmoja katika shehena, akampa turubai nzima iwe yake.

Tazameni pia kilicho rahisi kuvunjika ni nini hasa. Mtume Paulo asema kwamba sisi tu vyombo vya udongo vyenye hazina ndani. Bei yote iliyolipwa, kauri, kitambaa au simu, huishia kuvunjika, kuchakaa au kutupwa. Huyu mtu naye ni mwepesi kuvunjika; mchoraji hakuficha jambo hilo. Lakini yeye ana kitu ambacho sahani haina: aweza kukumbuka, aweza kuhuzunika, aweza kukataa. Huzuni iliyo usoni mwake ni dalili ya uhai. Mtu aliyekwisha kuwa kitu haoni huzuni.

Namna ya kuitumia picha hii

Ndugu zangu makatekista na walimu, nashauri tusiwaonyeshe vijana wetu picha kama hii kwa kuwapa maelezo yote tangu mwanzo. Waketini chini, wapeni muda wa kutazama kimya. Kisha waulizeni maswali matatu kwa taratibu.

Swali la kwanza ni la macho: Waona nini? Msiwaache waruke wakaanza kuhukumu. Wataje kwanza nguo, vyombo, mistari, kichwa kilichoinama.

Swali la pili ni la kumbukumbu: Vitu hivi vimetoka wapi, na vilifikaje hapa? Hapo mtawasimulia habari za Afonso, za misafara, za Atiman, na za milima yetu wenyewe. Wazee waliopo wapewe nafasi ya kusema, kwa maana wengi wanakumbuka mambo yasiyoandikwa kitabuni.

Swali la tatu ni la dhamiri, na hilo kila mmoja alijibu moyoni mwake bila kulazimishwa kusema mbele ya wengine: Katika yale niliyoyapokea, kiko kitu ambacho mtu mwingine alitolewa kwa ajili yake?

Kijana atakayeweza kukaa dakika chache na swali hilo ataelewa picha kuliko msomi mwenye maneno mengi. Na siku atakapoitwa kushika mizani, au kutuma mtoto shimoni, au kuonyesha njia usiku, labda atamkumbuka yule mtu wa chumbani aliyeinamisha kichwa. Mungu atujalie vijana wengi wenye kumbukumbu ya namna hiyo.